Nimempunguza Mke Wangu kwa Cherehani

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa duka mchana kweupe na wateja wanagonga, maana jambo hili limenikaa kooni kama mwiba wa samaki na nisipolitema leo litanitoa roho, nisikilize hata kama utanitukana, na najua utanitukana.

Mimi ni fundi cherehani wa nguo za kike, mke wangu ni mwalimu wa chekechea, mcheshi, mnene wa kupendeza, na unene wake sikuwahi kuuona tatizo, mpaka siku moja dukani, mbele ya wateja, nikitafuta tu kuchekesha watu, nikasema mke wangu nikimkatia gauni wengine wote inabidi wasubiri kitambaa kingine kije. Watu wakacheka, yeye naye akacheka, tena kuliko wote, lakini tulipofika nyumbani akaniuliza, "Kumbe ndivyo unavyoniona?" Nikasema aa, mama, utani tu ule. Akasema, "Wewe ndiye unayenipima, kwa hiyo hukutania," na habari hiyo hakuirudia tena.

Haukupita muda kichwa kikawa kinamuuma, akaenda zahanati, akakutwa na presha, akapewa vidonge na kuambiwa apunguze uzito. Shangazi, alianza mazoezi kwa moyo mmoja! Asubuhi anaruka kamba sebuleni mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa ufagio, jioni anakimbia kuzunguka uwanja wa shule watoto wakishaondoka, na sisi tunakaa ghorofa ya nne, basi zile ngazi nazo akazigeuza uwanja wa mazoezi, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, na kwenye simu yake kuna kitu kinamhesabia kalori, akimaliza ananiletea hiyo simu huku jasho linamtiririka, "Fundi, tazama nilizochoma leo!" Halafu anakaa mezani anakula kwa raha zake, mkate, maziwa, wali umejaa sahani, anasema hizi nimeshazichoma, nimejitengenezea nafasi.

Nyumbani mizani hatuna. Kipimo chetu ni gauni lake la bluu nililomshonea mwenyewe, ambalo lilikuwa limeanza kumbana kiunoni, na kila Jumapili alikuwa analivaa mbele ya kioo kuona kama amepungua. Jumapili ya kwanza likabana, ya pili likabana, ya tatu zipu ikagoma katikati ya mgongo, nikamwona kwenye kioo amevuta tumbo ndani, machozi yanamtoka. Sasa shangazi, sisi mafundi tukishona gauni tunaacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa pembeni, ili mteja akinenepa tuweze kulitanua. Kesho yake alipokwenda kazini nikalichukua lile gauni, nikafumua, nikatanua kidogo, kidogo tu, nikalipiga pasi kwa kitambaa kibichi mpaka alama ya uzi wa zamani ikapotea. Jumapili iliyofuata zipu ilipanda bila kusukumwa. Alipiga kelele, akanikumbatia, akanizungusha sebule nzima, na mimi nikacheka naye nikajiambia basi, nimeufuta ule utani wangu.

Laiti ningeishia hapo. Sikuishia. Nimefumua tena na tena, na magauni yake mengine nayo nimeyatanua ili yasije yakanisaliti, na kila ninapotanua yeye anazidi kufurahi, na kila anapofurahi anazidi kupakua. Juzi amerudi zahanati, nesi kampandisha kwenye mizani, mshale umesimama palepale pa mwanzo na presha bado iko juu. Mke wangu akamjia juu nesi wa watu, mizani yenu mbovu, mimi mume wangu ni fundi, gauni halidanganyi! Amerudi amefura, anasema zahanati ile hakanyagi tena, na vidonge anaacha, kwani mtu aliyekwisha kupungua presha anaitoa wapi? Haki ya Mungu mdomo niliufungua niseme. Nikajikuta namwambia, "Pumzika kwanza." Tangu siku hiyo hajameza hata kimoja, pakiti ya vidonge iko juu ya friji, naiona kila nikienda kuchukua maji.

Na kitambaa cha akiba kimekwisha, shangazi, uzi sasa unashika ukingoni kabisa. Nikimwambia ukweli nitamvunja moyo na hataniamini tena maishani, nikinyamaza nitakuja kumzika na kosa ni langu. Tukipanda ngazi yeye hunitangulia, ananisubiri juu anacheka, mimi niko chini nahema, naona aibu hata kuinua macho. Nifanyeje? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi, ila tafadhali ukiichapisha barua hii usiseme tunakoishi, maana yeye huanza na safu yako kabla hajasoma habari nyingine yoyote.

Ni mimi, Fundi Niliyeharibu.

*

Marahaba, mwanangu. Matusi uliyoyaagiza yapo, ila yatangoja, kwanza dawa. Inuka, nenda kwenye friji, shusha hiyo pakiti. Mtu wa presha haachi vidonge kwa sababu gauni limemtosha, na hata angekuwa amepungua kweli asingeviacha kwa kujiamulia. Hilo ni la daktari. Mrudishe zahanati, na nesi mkamwombe radhi wote wawili, wewe ukitangulia.

Sasa tuongee. Hivi wewe mwanaume, neno "nisamehe" lilikushinda nini? Umemcheka mke wako mbele ya watu, halafu badala ya kumwomba radhi kwa mdomo ule ule uliomcheka, ukamwomba kwa wembe na pasi, tena akiwa hayupo! Machozi yake yalikuuma, nakuamini, na mimi nilipofika pale kwenye kioo roho iliniuma. Lakini wahenga walishasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Na huyo wala si mwana. Ni mtu mzima, mwalimu, anayeshinda kutwa nzima akiwafundisha watoto wa watu kusema kweli.

Unajua ulichomnyang'anya? Lile gauni lingeendelea kumbana, angeuliza, "Mbona natoka jasho na sipungui?" Na jibu lilikuwa mezani pale mbele yenu. Kuruka kamba kunachoma, ndiyo, ila kunachoma kidogo kuliko simu inavyojigamba, na sahani ya wali iliyojaa inarudisha yote kabla jasho halijakauka. Nesi angemweleza hayo kwa dakika chache. Angepunguza upakuaji, angeendelea kukimbia, na pengine leo zipu ingepanda kwa haki. Hakuuliza kwa sababu wewe ulikwisha kumjibu uongo kwa sindano. Miezi yote hiyo ya jasho, fundi! Hapo ndipo nilipokukasirikia hasa.

Na kuna kitu umekiandika mwenyewe ukakipita. Unasema mkipanda ngazi yeye anakutangulia, anakusubiri juu, anacheka. Ghorofa ya nne! Mwanamke aliyeanza na kichwa kuuma. Mshale wa mizani haujasogea, sawa, lakini miguu ile imepata nguvu na pumzi ile imeongezeka, na hiyo ni kazi yake mwenyewe, hukumshonea wewe. Alistahili kupongezwa kwa hilo. Wewe ukamwacha ashangilie gauni.

Basi fanya hivi. Mkae wawili, umpe gauni la bluu mkononi, uligeuze, umwonyeshe mshono ulikokuwa na ulikofika. Mwambie utani wa dukani ulikuwa mchafu na unaujutia, kisha mwambie uliyoyafanya, yote, na hayo magauni mengine. Usimwambie ulifanya kwa kumpenda, hilo kama lipo ataliona baadaye. Atakasirika. Akitaka kwenda kukaa kwa ndugu zake kwa muda, mbebee begi na vidonge viwe ndani ya begi. Nguo zake usiziguse tena mpaka akutume. Zahanati mwende pamoja, na kwenye mizani upande na wewe, unayekaa kwenye kiti cha cherehani kutwa nzima halafu unahema kwenye ngazi. Nesi awapangie sahani zenu mkiwa wote wawili mnasikia. Na ununue kamba ya pili, ya kwako.

Jambo la mwisho. Umeniandikia ukijua fika kwamba mkeo huanza na safu hii. Usidhani sikukuona. Ulitaka mimi nikusemee, wewe ujifiche nyuma ya gazeti. Sikusemei. Barua yako ilinifikia Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo nimekusomea majibu haya kwenye simu, nikakusikia unalia, nikakuambia yatachapishwa Jumamosi. Siku za katikati nimekuachia wewe.

Na wewe mwalimu, najua unasoma. Kama Fundi ameshakwambia, basi kasirika unavyotaka, ila meza kidonge chako, na hizo ngazi usiziache, ni zako. Kama hajakwambia kitu, weka gazeti chini, nenda kabatini, toa gauni la bluu, uligeuze, uangalie mshono wa pembeni.