Maneno Niliyomtilia Mfalme Mdomoni

Lakini pale ambapo mfalme anawacheka waliokimbia, Baba, hukunifundisha mtu afanye nini. Ulinifundisha kuwafasiria watu sinema: kusimama pembeni ya televizyo bila kuziba kioo, kusema haraka kabla picha haijageuka, kubadili sauti mwanamke anapoingia. Hilo la kucheka hukunifundisha, nami nimechoka kulibeba peke yangu.

Nianze na habari njema, maana hukuwahi kumwona. Nimeolewa, Baba. Miezi mitatu sasa. Anaitwa Mwansa, anatengeneza injini za boti hapa Nchelenge, kando ya ziwa. Mikono yake inanuka petroli hata siku ya kanisa, nami naipenda harufu hiyo kuliko marashi yote. Upepo wa ziwa ukigeuza dishi la televizyo, anapanda juu ya bati kulirudisha. Anauliza, "Imekamata?" Picha imekamata zamani, lakini najibu "bado," nipate kumtazama kidogo zaidi. Usinicheke.

Kila Jumapili baada ya kanisa, uwanja wa mama mkwe wangu unajaa watu. Kuna tamthilia mpya ya mambo ya kale ya huku, ya mfalme aliyevuka mto na watu wake wakakaa kando ya ziwa. Wanasema Kibemba, na vichaka vinavyoonekana ni kama hivi tunavyokata kuni. Ungewaona watu. Wazee wanafunga vifungo vya shati mfalme akitokea. Mama mkwe anapiga makofi taratibu, kiganja juu ya kiganja, kama chifu mwenyewe amepita mlangoni. Watoto sasa wanagombania nani awe mfalme. Zamani waligombania nani awe askari wa sinema za wazungu. Nami nafurahi nao, kweli nafurahi. Ila nikiosha vyombo baadaye najikuta nimechoka, kama mtu aliyeshangilia timu isiyo yake.

Sisi hatukuwa na mfalme wetu kwenye kioo. Kule kambini Kenani, chini ya ile turubai uliyotuonyeshea sinema, tulikuwa na wafalme wa nchi za mbali, wenye nywele ndefu na farasi, na wewe ndiye uliyetufasiria. Lugha yao hukuijua hata neno moja. Nilipogundua, nikakuuliza kwa nini kwako kila mfalme aliyefukuzwa anarudi kwao. Ukasema, "Mutu ametembea juma mbili na mutoto mugongoni. Nimuambie mufalme ameshindwa tena?" Watu walitoka pale wakitembea wima. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jumapili mbili zilizopita Mama alikuja kutoka kambini kuniona, na jirani zake wawili. Mwansa alikuwa juu ya bati. Unajua desturi: hawezi kukaa wala kula mbele ya mama wa mke wake mpaka Mama ampikie na kumkaribisha, na bado hatujafanya. Basi hakushuka. Alikaa kule juu kipindi kizima, ameshika dishi kana kwamba litaruka, na Mama akitazama chini kama hajui kuna mtu. Jirani mmoja akaninong'oneza, "Ulituambia umeolewa na fundi. Huyu si ni ndege?"

Kibemba cha zamani kinawashinda Mama na jirani zake, wakaniomba niwafasirie. Nikasimama. Ikaja sehemu ile: jeshi la mfalme linakaribia, na watu wa ng'ambo ya ziwa, upande tulikozaliwa sisi, wanaingia mitumbwini alfajiri na kuacha ngoma zao ufukweni. Mfalme anaokota moja, anacheka, anasema watu wanaoacha ngoma hawana jina. Uwanja mzima ukacheka naye. Mama akatazama mdomo wangu.

Nikasema, "Mfalme anasema: hawa walibeba watoto, ngoma wakaziacha. Watu kama hawa siwafuati."

Mama akainamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyesalimiwa vizuri. Kisha mama mkwe, ambaye nilijua Kiswahili chake ni cha kununua samaki tu, akasema mbele ya wote, "Mufalme haseme vile."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Mama akaniuliza, "Alisema nini?" Nikamwambia. Akafunga kitenge chake upya, akasema wasije wakakosa gari. Mwansa alikuwa juu, hawezi kushuka, hawezi kunishika mkono. Alinitazama tu, Baba, na macho yale nitayakumbuka hata nikizeeka.

Juma lile mama mkwe alinipa maneno ya jikoni tu: chumvi, maji, moto. Niliogopa kwamba nimekwisha kuipoteza nyumba hii ninayoipenda, na mama yangu nimempoteza vilevile. Jumamosi, tukianika chisense, wale dagaa wa ziwa, mchangani, akaanza mwenyewe.

"Nimenunua samaki kwa benzako ba ng'ambo miaka mingi, banafikiri banaweza kunitukana nisisikie. Nilisikia yote. Sikukufa." Akageuza samaki wachache. "Mama yako amevuka ziwa na batoto. Atashindwa na neno? Muambie vile mufalme anasema. Kisha sema yako, na sauti yako."

Jumapili iliyopita walikuja jirani tu, Mama hakuja. Niliwafasiria yote kama yalivyo, matusi na sifa. Ilipokwisha, nikabaki nimesimama. Nikasema, kwa Kiswahili kisha kwa Kibemba, kwamba wewe uliacha televizyo yako kule kwetu Pweto ukanibeba mimi niliyekuwa na homa, na kwamba jina ninalo, ulinipa wewe. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alikohoa. Mama mkwe akanisogezea kiti.

Sijui kama nilifanya vizuri. Wewe ungewapa mfalme mzuri zaidi, na wangelala vizuri zaidi. Mimi siwezi tena, Baba. Nisamehe.

Jana Mama alituma neno kwa mtu wa gari: atampikia Mwansa, tuje wote. Kwa hiyo nakuaga kwa leo. Pumzika. Kabla mwezi huu haujaisha tutapita kwako makaburini, mimi na mume wangu. Anataka kukusalimia kwa Kibemba, anajizoeza maneno akifungua injini. Nitakufasiria neno kwa neno, hata pale atakapokosea.

Mutoto wako,
Furaha