Jiwe Nililoliandikia Sifuri

Gitega, Ijumaa tarehe 14 Novemba. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, sasa yamebaki manyunyu. Leo nitaandika yote, hata yale yanayonifanya nionekane mbaya. Nimejiapiza kabla ya kufungua ukurasa huu, kwa hiyo siwezi tena kurudi nyuma.

Mwezi uliopita nilijigamba hapa kwenye blogu yangu jinsi nilivyopanga safari ya Bibi. Bibi ni mama yake Baba. Aliishi Muyinga tangu alipoolewa, katika nyumba ya kupanga yenye bomba uani, na tangu Babu afariki miaka miwili iliyopita alikuwa peke yake. Mwenye kiwanja alipotaka kujenga upya, Baba akasema Bibi ahamie kwetu hapa Gitega, mtaa wa Nyamugari. Baba mdogo Saidi ana pikapu, lakini mafuta ni shida. Alipanga foleni siku mbili akapata ya kwenda na kurudi mara moja tu. Kitakachobaki, kimebaki.

Hapo nikaona zamu yangu imefika. Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Nadège, alikuwa ametufundisha somo analoliita kwa Kifaransa recherche opérationnelle: namna ya kupanga malori, maghala na mizigo ili kidogo ulichonacho kikufikishe mbali. Fumbo mojawapo ni la mtu mwenye mfuko mmoja na vitu vingi. Kila kitu kina uzito wake na thamani yake. Achague vipi ili mfuko usipasuke, na thamani iliyo ndani iwe kubwa kuliko uchaguzi mwingine wowote?

Nilikwenda Muyinga na Baba mdogo, nikaazima mizani kwa muuza maharage, nikapima kila kitu. Uzito ulikuwa kazi rahisi. Thamani ndiyo iliyonishinda, kwa sababu Bibi hakunisaidia.

"Bibi, toa alama, moja mpaka kumi. Kitanda?"

"Kumi."

"Kinu?"

"Kumi."

"Na sufuria hii iliyotoboka?"

"Kumi. Ilipika harusi ya baba yako."

"Bibi, haviwezi kuwa kumi vyote!"

"We Hadija, mi ndiye nimeishi navyo. Vyote iko kumi. Ukitaka tano, andika tano yako."

Baba mdogo alicheka mpaka akaegemea pikapu. "Ingénieur, injinia wetu, leo umepatikana! Andika haraka, gari yangu si ghala."

Nikaandika zangu. Nilifanya kwa uangalifu, sitaki kudanganya hapa. Nilianza kwa kugawa alama za kila kitu kwa kilo zake na kuchagua kuanzia juu, lakini Mwalimu alikuwa ametuonya kwamba njia hiyo ya haraka mara nyingine hukosea. Kwa hiyo nilijaribu michanganyiko mingine jioni mbili mfululizo, mpaka nikapata mmoja ambao hakuna uliouzidi.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta jiwe mlangoni, kati ya kinu na sanduku la nguo. Jiwe bapa, pana kama sinia, ambalo siku zote lilikaa chini ya bomba. Bibi alikuwa amelisugua kwa sabuni, bado linachuruzika maji. Sijui alilivuta vipi hadi pale. Baba mdogo aliliweka kwenye mizani kwa utani: kilo ishirini na nane.

Nilicheka.

Nilisema, "Bibi, hata Gitega mawe yapo." Nikaandika sifuri. Nilidhani uzee umeanza kumchanganya, nikamwonea huruma, ile huruma ya mtu anayeamini kwamba yeye ndiye anayejua. Nafasi iliyobaki kwenye pikapu ilikuwa ya kilo thelathini. Nikapakia gunia la mchele la kilo ishirini na tano, ambalo nilikuwa nimeliandikia nane.

Baba mdogo akalirudisha jiwe chini ya bomba. Bibi akalitazama, akasema, "Haya." Akapanda mbele, akafunga mlango mwenyewe.

Shuleni nilipewa kumi na nane kwa ishirini. Mwalimu alichora pikapu yetu ubaoni, na wenzangu wakapiga makofi.

Mchele ule ulikwisha wiki iliyopita.

Tangu aje, Bibi hajalalamika hata mara moja. Mama akimwuliza ale nini, anasema, "Chochote." Akiulizwa kama amesikia baridi, anasema, "Kidogo tu." Mtu aliyevipa vitu vyote kumi sasa hana kitu anachokitaka. Kule Muyinga alikuwa akigombana na jogoo wa jirani na kuimba akichambua mchele. Hapa anakaa kitandani mwake, kitanda nilichokiandikia tisa, na kutazama mlango. Mama anasema ni ugeni, utapita. Nami nilisema hivyo hivyo, kwa sababu ilinifaa kusema hivyo.

Jana Mwalimu Nadège aliturudishia madaftari akasema kazi zetu bado hazijaisha. "Mpango haukwishi kwenye karatasi. Rudini kwa mtu mliyempangia, mwulizeni nini kimempungukia. Na pale mlipokuwa hamjui, mnionyeshe mliandika nini."

Leo nilipotoka shule Bibi alikuwa bombani, anajiandaa kwa sala ya alasiri. Uani kwetu ni saruji. Aliweka kipande cha ubao, akakikanyaga, akashuka, akakisukuma pembeni kwa mguu. Kisha akatawadha juu ya saruji tupu, mkono mmoja ameshika ukuta. Nilimngoja amalize kusali, nikamwuliza nini kimempungukia. Nilikuwa nimeshika kalamu, kama mtu anayetafuta zile alama mbili zilizobaki.

Alikunja mkeka wake wa kusalia. Halafu akaniambia kwamba Babu alikuwa akitawadha juu ya lile jiwe kila alfajiri tangu mwaka waliooana, mpaka likaingia ndani kidogo sehemu mbili, pale penye nyayo zake.

"Alipokufa, mi nikawa nasimama humo humo. Mguu wangu mdogo, wake mkubwa. Inabaki nafasi hapa pembeni." Akanionyesha upana wa nafasi hiyo kwa vidole viwili. "Ni hiyo tu, mama."

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema. Nilikwambia kumi."

Sikuandika kitu daftarini. Niliingia chumbani nikalia, na nilipomaliza nililia tena, kwa sababu nilikumbuka nilivyocheka.

Nimerudia hesabu yangu yote. Haina kosa. Kila jumla iko sawa, na ukiniletea namba zile zile kesho nitapakia mchele tena. Kosa liko juu ya hesabu, kwenye ule mstari mmoja nilioandika sifuri wakati ukweli ulikuwa "sijui". Jumatatu nitalipeleka daftari kwa Mwalimu hivyo hivyo, bila kufuta. Hata akiniondolea zote kumi na nane.

Lakini kuna jambo jingine, nalo haliwezi kungoja Jumatatu.

Zuhura, rafiki yangu, wewe uliyekuwa jirani wa Bibi kule Muyinga, ukurasa huu sasa ni wako. Simu yako haipatikani tangu Jumanne, lakini najua unapita hapa kila wiki kwa simu ya kaka yako. Katika ujumbe wako wa mwisho ulisema mafundi wameingia kiwanjani, wanachimba msingi, na mawe yote ya uani wanayarundika karibu na lango ili wayapasue. Niliusoma kama habari ya kawaida. Nilikujibu kwa kuuliza habari za mtihani wako.

Nimeshazungumza na dereva wa lori anayeishi nyuma ya nyumba yetu. Jumapili anapeleka sabuni Muyinga, na kurudi atapakia maharage tu, njiani Gashoho, kwa hiyo nafasi ipo. Nilimwambia ni kilo ishirini na nane. Akauliza ni mzigo gani. Nikasema jiwe. Alinitazama sana, akacheka, akasema, "Jiwe?" Nikajibu ndiyo, jiwe, na safari hii si mimi niliyecheka. Amekubali, ila hataki kuzunguka mjini akilitafuta. Anataka alikute barabarani, mkononi mwa mtu, na mtu huyo nakuomba uwe wewe.

Bibi sijamwambia. Siwezi kumpa tumaini kabla sijajua, na siwezi kumnyang'anya kitu kile kile mara mbili.

Utalijua kwa zile sehemu mbili zilizoingia ndani. Ukilimwagia maji, yanabaki humo kwanza kabla ya kumwagika.

Nijibu leo hii ukisoma, Zuhura, hata kwa neno moja: bado liko zima?