Filimbi ya salongo

Siku ya ine, mangaribi.

Sikupashwa kupiga ile filimbi. Mais Mama Kavira, jirani yangu, aliniomba: «Agronome, basoda banamaliza miti ya mulima, mvua inabeba mashamba. Ita batu ku salongo, kazi ya wote, kama zamani.»

Zamani! Nilikuwa napiga mara moja tu, batu banatoka na majembe kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, huku banatukana mie Mukasai, mutu wa kuya, kwa Kinande, luga yabo, banawaza sisikii. Nilikuwa nasikia yote.

Donc nikapiga. Batu ba mulima muzima bakakimbia, majembe ikabaki chini. Nilisahau: siku hizi basoda njo banapigaka filimbi, kwa kukamata batu ba kubeba masasi yabo.

Kisha mutu mumoja, kule mu majani, akanitambua. Akanitukana, tusi ileile ya zamani.

Machozi ya furaha ikanitoka: alijua ni mie, hapana basoda.