Mchumi wa Viazi

Jumamosi usiku

Hili sijamwambia mtu yeyote: kusoma uchumi chuoni nataka kweli. Nyumbani najifanya Baba ndiye ananisukuma, ili nikianguka kwenye usaili wa chuo Jumatano, aibu iwe yake. Binti mwema sana mimi.

Leo baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majembe bado yana tope, Baba akasimama kwenye mkutano wa majirani. Wenzake walizungumzia mitaro. Yeye akanizungumzia mimi. "Binti yangu anaenda kusoma uchumi chuo kikuu! Muulizeni chochote!" Asante, Baba.

Mama Kevine wa dukani hakungoja. "Haya, mchumi wetu, viazi iko ghali sana. Kwa nini?"

Nilijua. Mvua imeharibu barabara ya Musanze vinakolimwa viazi, malori yanayofika ni machache, na sisi walaji wa mtaa huu wa Kabeza hatujapungua. Nimeyasoma kwa Kiingereza, naweza kuyaeleza kwa Kinyarwanda. Nikajibu kwa lugha ninayoimudu zaidi: nikatazama viatu vyangu.

"Labda viazi inafundishwa mwaka wa pili," akasema Mama Kevine. Mtaa mzima ukacheka. Hata Baba, kidogo.

Lakini njiani kurudi nyumbani Baba hakucheka. "Mwanangu, kama hutaki, sema. Jumatatu nitawapigia simu wakuondoe kwenye usaili."

Nikatazama tena viatu vyangu. Kipaji hicho.

Sasa nasikia ndala za Baba koridoni. Naficha ukurasa huu chini ya godoro, halafu namfungulia mlango kabla hajabisha, nimwambie asipige simu. Nitaanza na viazi.