Mahali pa Uso Wako

Baba mpendwa,

Leo asubuhi mama ameulizia picha tena. Ni mara ya nne tangu tukuzike. Mara tatu za kwanza nilimwambia bado nazisafisha, na wewe ungetambua kwa sauti tu kwamba nadanganya.

Wacha nikuambie wewe kwanza. Picha zote za mazishi yako zimeungua kwa mwanga. Ukingo wa jeneza unaonekana, kitambaa cha ndani ni weupe mtupu, na mahali pa uso wako hapana uso. Wala hatuna nyingine ya kujishikiza. Kinyozi hajinyoi, miaka yote ulikuwa nyuma ya kamera, hata kwenye programu ya mazishi tuliweka picha ya kitambulisho, tukaikuza mpaka ikafifia.

Ulipofariki, baba mdogo alinijia hapa studio Runyenjes. "Wewe siku hiyo utalia tu," akasema. "Tutaita mtu wa picha kutoka Embu town." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia baba yangu amepiga picha harusi na matanga ya watu wa huku maisha yake yote, hawezi kupigwa picha na mgeni siku yake ya mwisho. Kwetu mfiwa hapewi kazi, anashikwa mkono na kuketiwa karibu, hilo nalijua tangu utotoni. Mimi nikavaa kamera juu ya nguo nyeusi nikajiona shujaa. Kiburi hicho nilikirithi kwako pamoja na studio.

Jua lilikuwa kali mno, kioo cha kamera hakisomeki hata ukikikinga kwa mkono. Tena ulinikataza kuchungulia kioo mbele ya wafiwa. "Maitu," uliniambia, ukiniita mama kwa lugha yetu, maana nina jina la mama yako, "watu wanazika mtu wao, wewe unaangalia kamera kama umenunua viatu vipya?" Basi sikuchungulia. MC akaita watoto, akaita wajukuu, akaita wazee wa kanisa, kila kikundi kikasimama nyuma ya jeneza, nami nikabonyeza.

Kesho yake nilipofungua kadi kwenye kompyuta nililaumu kila kitu isipokuwa mimi. Nilidhani lenzi imekwama ikiwa wazi. Nikabadilisha lenzi, nikapiga ukuta wa studio, ukatoka mweupe. Nikaweka kadi nyingine, mweupe vilevile. Nikakagua ISO, nikidhani huenda ndiyo inavuta mwanga mno, ilikuwa mia moja tu. Ndipo nikaona alama ndogo chini ya kioo: jumlisha tatu. Nilikuwa nimeiagiza kamera iongeze mwanga, na agizo hilo haliondoki hata ukiizima. Waombolezaji nao walivaa nyeusi, na kamera ikiona weusi mwingi huongeza mwanga yenyewe. Ikaongeza wake, ikaongeza na wangu juu yake.

Nakumbuka niliiweka lini. Ilikuwa wiki yako ya mwisho. Ulikuwa umeketi kitandani, dirisha nyuma yako, nikakupiga picha, uso ukatoka mweusi kama sufuria ya githeri. Kikombe kilikuwa kinakushinda kushika lakini kufundisha hukuacha. "Dirisha linaidanganya. Ongeza." Nikaongeza mpaka mwisho. Uso ukaja, mashavu yote yameingia ndani. Uliutazama kwa muda, ukasema, "Futa hiyo. Mama yako asiione."

Nikafuta. Kisha nikatoka kwenda kulia nyuma ya stoo ya kahawa, nikaiacha kamera kwenye ile tatu. Kurudisha kila kitu sifuri baada ya kazi ni somo la kwanza ulilonipa, nikiwa darasa la saba. Sikulisahau hata siku moja mpaka siku hiyo.

Leo uongo umenishinda. Nimemkuta mama jikoni anachambua maharagwe, nikamweleza kama fundi, habari za lenzi na mwanga na nguo nyeusi, mpaka nikaishiwa maneno.

"Hata moja?" akauliza.

"Hata moja, mama."

Aliendelea kuchambua. Nilingoja anigombeze, na ningeshukuru kama angenigombeza.

"Mimi sikumwangalia," akasema. "Tulipopitishwa kwa jeneza nilifunga macho. Nilikusikia hapo kando unapiga, nikajiambia si lazima leo. Nitamwona kwa picha, siku nitakuwa na nguvu."

Nimekaa naye mpaka maharagwe yakaingia sufuriani. Nisamehe, Baba, au usinisamehe, lakini huyu mama sijui nitamlipa nini. Lala salama.

Mwanao wa kwanza