Kalavati Lililo Chini ya Chumba Chenu

Baba yangu,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena, lakini mdomo wangu haujazoea kukutaja bila shikamoo, na leo nina neno zito. Nikianza bila salamu utasema Kabula kaharibika tabia tangu abaki na mama yake tu. Basi marahaba nimejiitikia mwenyewe, tuendelee.

Unakumbuka siku uliyotuleta hapa Geita kuona kiwanja? Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa umetoka Rwamgasa, umepata dhahabu kidogo baada ya miaka ya kula vumbi duarani, mle shimoni mwa wachimbaji, na hukutaka tena kusikia habari za kupanga chumba. Ulinunua mwezi wa nane, ardhi imekauka kau. Mtu wa Kishapu wewe, kule kwetu mto ni mchanga unaochimba kwa jembe ili upate maji ya kunywa. Ukaona lile bonde lina mchanga mweupe, safi, umejaa mpaka kwenye mdomo wa kalavati la zamani lililopita chini ya kichochoro. Ukauchota kwa viganja, ukaniita mama kwa Kisukuma huku unacheka: "Mayu, njoo uone! Kiwanja tumeuziwa, mchanga wa kujengea tumepewa bure!" Nami nikacheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza nani aliuleta mchanga ule pale.

Mvua ya kwanza ilitujibu. Maji yalitoka kwenye lile kalavati kwa kishindo, yakabeba tofali zetu zote za udongo na kinu cha mama. Mwingine angeuza kiwanja akimbie. Wewe ulisimama pembeni na kofia yako ya duarani, umeweka mikono kiunoni, ukasema maji hayakimbiwi, yanazibwa, na yanayobaki yanavutwa.

Ndivyo mlivyofanya kazi kule chini, uliniambia mara nyingi. Duara la jirani likipasua maji yakaja kwako, huendi kumwuliza. Unaziba kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, unawasha pampu, unayatupa. Atakayeyapata atajua mwenyewe, naye ataziba. Wachimbaji wote wanajua hivyo na hakuna anayemnunia mwenzake. Baba, ukaja kuufanya mtaa wa watu kuwa duara.

Zile siku tatu sijazisahau. Mama alikuwa Kishapu kwenye msiba wa bibi. Ulileta trekta mbili za magwangala, yale mawe yanayotupwa mgodini yakishaonekana hayana kitu. Mimi nilikuwa nakanda udongo na kukupa jiwe, wewe unalipanga ndani ya mdomo wa kalavati, unashindilia udongo katikati kwa nyundo. Mikono ilinitoka malengelenge, sikulalamika. Ulipomaliza ulipiga piga kwa kiganja ukasema, "Hapa hata sisimizi hapiti." Ukaninunulia soda. Kisha ukaniinamia: "Hili ni letu wawili. Hata mama yako asijue." Nikaitikia kwa kichwa. Nikwambie ukweli, siku ile nilijiona mtu mkubwa kuliko watoto wote wa mtaa.

Mama aliporudi alikuta msingi umeshapanda. Ulimwambia pale chini ni mwamba, ndiyo maana chumba chenu umekiweka palepale, hakitapata ufa. Akakushukuru, "Wabeja, baba Kabula." Mimi nilikuwa naosha vyombo, sikuinua uso.

Ukazungusha ukuta usio na tundu hata moja, ukachimba shimo katikati ya ua, yale maji machache yanayodondoka humohumo yakusanyike, na juu yake ukaweka pampu. Loo, ulivyoipenda pampu ile! Mvua ikianza tu unaivuta kamba huku unaimba, na mpira unamwaga juu ya ukuta mpaka kichochoroni. Watoto wa jirani walikuwa wanapanda ukutani kukuangalia. Watu wakaanza kusema, ukitaka kuona nyumba kavu nenda kwa mzee Masanja. Nilikuwa najivunia kuwa mwanao. Bado najivunia, ndiyo tabu yenyewe.

Mama Shija alipokuja kujenga upande wa juu wa kichochoro, kalavati lilishafukiwa na mchanga na takataka, hakuona kitu. Mvua yake ya kwanza ililoweka nyumba mpaka kwenye madirisha. Ulimpelekea jogoo wa pole. Mimi ndiye niliyembeba jogoo yule, baba, nikakutazama njia nzima usoni. Hukunitazama.

Sasa nikupe habari za hapa, zilivyokuwa mpaka mwezi uliopita. Mama Shija kila mwaka anaongeza kizingiti cha mlango. Kilianza tofali moja, siku hizi kimefika magotini. Ukitaka kuingia kwake unaparamia, na yeye na uzee ule anashika mwimo wa mlango anajivuta. Cherehani yake inakaa juu ya meza, meza juu ya matofali. Ukimpa pole anasema, "Ni mvua ya Mungu, mwanangu." Ananiita mwanangu! Nikisikia hivyo natamani ardhi inimeze.

Na mimi niko humu ndani ya ukuta wako. Kamba ya pampu naivuta mimi sasa. Mama mguu haumsaidii tena, anashinda kitandani kwenye chumba kilekile, na ukimwambia habari ya kuhama anakuja juu: "Masanja aliniweka hapa, nitatokea hapa." Nikiangalia juu naona mbingu ya mraba. Nikisema siri, namvunjia mama chumba na wewe nakuvunjia jina. Nikinyamaza, namzamisha Mama Shija kwa mikono yangu miwili kila masika. Niligeuka huku na huku, sikuona pa kutokea.

Mwezi uliopita alikuja injinia kwa habari ya mtaro. Mtaa umenichagua katibu wa kamati, usicheke, wanasema nina mdomo. Tulikaa nje ya ofisi ya mtaa, akafungua ramani yake. Akasema hapa kwetu palikuwa na kalavati la tangu zamani, na chini yake mkondo unaoshuka mpaka mtoni. Nyumba zimebanana, hakuna pengine pa kupitisha mtaro. Likipatikana, wataunganisha kabla masika hayajakolea. Lisipopatikana, itabidi wapime upya, na hapo hajui itakuwa lini. Akaongeza kwamba aliyejenga juu ya njia ya maji hatalipwa fidia.

"Nani anajua lilipita wapi?"

Mama Shija akasema, "Mwulizeni Kabula. Marehemu baba yake ndiye wa kwanza kujenga upande huu."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na kalamu mkononi, naandika mahudhurio.

"Sijui," nikasema. "Nilikuwa mdogo."

Injinia akakunja ramani yake. Nilirudi nyumbani. Nilikukasirikia siku ile, baba, nikakukasirikia kweli. Ulinipa jiwe zito kuliko yote, halafu ukaenda zako kupumzika.

Mvua kubwa ilikuja wiki iliyofuata, saa nane mchana. Ilikuwa imekatika kidogo nilipomsikia Mama Shija anagonga geti. Kanga imemganda mwilini, maji yamevuka kile kizingiti chake. "Mwanangu, niazime pampu ya marehemu, cherehani inaondoka."

Tuliikokota wote wawili. Nikauweka mpira wa kuvutia ndani kwake, maji yalikuwa yananifika mapajani, ndoo na viatu vinaelea. Nikaiwasha. Yeye alikuwa nje ameushika mpira wa kutolea. Ulipojaa ukaanza kurusha maji, akaugeuzia kwa jirani yake mwalimu, akaona ukuta. Akaugeuzia upande wa pili, ukuta. Kichochoro chenyewe kilikuwa kimejaa pomoni. Akabaki anazunguka nao pale, mwanamke mzima, maji yanamlowesha yeye mwenyewe.

"Nimwage wapi, Kabula?" Alikuwa analia sasa. "Niambie basi, nimwage wapi?"

Niliangalia ukuta wako mzuri, usio na tundu. Kisha nikamnyang'anya ule mpira, nikaurusha juu ya ukuta wetu.

"Kwetu," nikasema.

Lile shimo lako lilijaa mara moja. Nikamsikia mama anaita kutoka chumbani, "Kabula! Maji! Maji yameingia!" Nikamwacha Mama Shija na pampu nikakimbilia kwa mama. Alikuwa amekaa kitandani, kandambili zinaelea chini yake. Nikapiga magoti humohumo majini nikamwambia yote, mawe, udongo, soda.

"Aliniambia ni mwamba," akasema.

"Najua, mama."

"Miaka yote hii nimelala juu ya njia ya watu." Akaanza kulia, na mama, unamjua, hata kwenye msiba wako alilia kwa kujificha. Nikamkumbatia. Alipotulia aliniuliza kama Mama Shija ameshajua. Nikasema bado. "Nenda ukamwambie wewe, asije akasikia kwa injinia."

Nikaenda. Yeye hakulia tena. Alizima pampu mwenyewe, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Jogoo yule nilimla," akasema, "nikawaombea dua." Akaparamia kizingiti chake, akafunga mlango.

Injinia alirudi na mafundi siku ya Jumatano. Nilisimama katikati ya chumba chenu, nikagonga sakafu kwa kisigino. Hapa. Wakavunja. Ulikuwa fundi, baba, niseme nisiseme. Mawe yako yaliwatoa jasho siku nzima, na udongo ule ulikuwa bado mbichi, una alama za vidole. Vingine vilikuwa vyako na vingine vidogo. Nilitoka nje nisivione.

Chumba chenu hakipo tena. Mama analala sebuleni, hasemi neno kuhusu wewe, si zuri si baya, na mimi simlazimishi. Mtaani wengine wananipa pole, wengine wananiita binti wa mziba maji. Kwenye kamati nimejitoa. Sitakuficha, kuna saa najuta. Kuna saa natamani ungekuwepo tugombane mpaka tuchoke, kisha tunywe chai. Lakini sitakuomba radhi kwa kusema, na wewe huko uliko usinidai. Nilikuwa mtoto uliponiapisha.

Jana mvua ilinyesha tena, mchana. Nikatoka mbio na moyo juu, kwa mazoea. Mama Shija naye alikuwa ametoka, amekunja kanga yake mpaka magotini. Maji yalishuka kutoka kilimani, yakapita mbele yake, yakaingia chini ya kichochoro, yakatokea upande wetu pale mlipokuwa mnalala, yakaenda zake mtoni. Tukasimama kuyaangalia, yeye kule, mimi huku. Hakunisalimia.

Lakini hakuingia ndani, baba. Tulisimama vile mpaka mvua ikaisha.

Pumzika sasa, jiwe lako nimelitua.

Binti yako mkubwa,
Kabula