Niombe Radhi kwa Kutia Maji ya Gesi Kwenye Mvinyo?

Shangazi Bori mpendwa, naomba unisaidie, ila usianze kunifokea kabla hujamaliza kusoma. Mimi ni dereva wa lori, shule niliiacha mapema nayo haikunililia, lakini nimefika Lisbon, nimefika Oslo, nimekunywa na watu ambao lugha yao siijui na tukaagana kwa kukumbatiana, kwa hiyo mtu asiniambie sijui kukaa na wenzangu mezani.

Mke wangu Piroska ni mwanachama wa klabu ya kuonja mvinyo hapa Szekszárd, Hungaria, hukutana Alhamisi, na tangu kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kifungwe hana matembezi mengine, utamkuta jikoni amefumba macho ananusa mkebe wa pilipili manga, mara wa mdalasini, eti anafundisha pua. Mwanachama anaruhusiwa kuleta mgeni mmoja, basi akanileta mimi, nikavaa shati la harusi, na kwa kuwa siendi kwa watu mikono mitupu nikabeba sifoni yetu, ile chupa ya kufyatulia maji ya gesi, maana babu yangu alikunywa mvinyo kwa maji ya gesi, baba yangu vilevile, na kiangazi nchi nzima inakunywa hivyo.

Chupa zilikuwa zimevishwa soksi ili mtu asijue anaonja mvinyo wa nani. Wakanusa, wakatema kwenye ndoo, wakaongea habari za ngozi na moshi, nami koo limenikauka. Ikaja chupa moja nyekundu, wakaimimina kidogokidogo kama dawa ya mtoto, nikafyatua sifoni kwenye glasi yangu, pss, na bibi mmoja jirani yangu, Etelka, akasogeza yake: "Na mimi nitilie kidogo, mwanangu, joto hili." Wengine wakafuata, meza ikachangamka kwa mara ya kwanza jioni ile. Kisha soksi ikavuliwa. Kumbe ni chupa ya mwenyekiti, Bwana Ödön, daktari wa meno mstaafu, ya mwisho katika zile alizoacha marehemu baba yake.

Akasimama, ameishika chupa yake. "Mgeni huonja anachopewa," akasema, "hakipiki upya."

Nikamjibu, "Baba yako kama alikuwa mtu wa hapa, naye alitia maji ya gesi."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Sasa ameamuru Alhamisi ijayo nisimame mbele ya wote niombe radhi, la sivyo Piroska asirudi. Siombi ng'o. Sikuiba, sikumpiga mtu, nilichangamsha matanga. Piroska ananipakulia supu kimya, na mikebe yake haigusi. Nishikilie hapohapo, au?

Vendel

Vendel,

Nimefika mwisho, sasa nafoka.

Maji ya gesi si dhambi. Mimi mwenyewe nakunywa hivyo, na Bwana Ödön akitaka kunishitaki, gazeti liko palepale. Tena namwambia hapahapa: kumfukuza mke kwa kosa la mume ni uonevu, na udaktari wa meno hauubadilishi.

Lakini wewe nawe. Hukwenda pale kama Vendel wa Lisbon, ulikwenda kwa jina la Piroska. Mgeni akiharibu, anayetazamwa ni aliyemleta. Sifoni ulifyatua wewe, maji yakamrukia yeye. Na yule mzee alileta chupa ya mwisho ya baba yake, akaificha kwenye soksi ili watu wasiojua ni ya nani waseme kwa midomo yao kwamba ni nzuri. Hakuna aliyepata nafasi ya kusema. Halafu ukamtania kwa baba yake.

Kwa hiyo nenda kwake mchana, peke yako, bila watazamaji, umwambie yale maneno juu ya baba yake unayajutia. Kuhusu maji ya gesi usimwambie kitu. Ningekuwa mimi, nisingesimama mbele ya klabu hata wanivute kwa kamba.

Ila kiti cha pale klabuni si changu, wala si chako. Barua yako ina babu, ina baba, ina Oslo, ina koo lako, na Piroska hasemi neno hata moja ndani yake. Kabla hujavaa viatu kwenda popote, kaa jikoni umuulize kama anataka kurudi pale. Akisema hataki, ringa utakavyo. Akisema anataka, hata wakikwambia ukaombe radhi juu ya meza, panda.

Shangazi Bori